Neno la Milango Minne

Tarehe 3 Februari

Mjukuu wangu Mwalimu,

Mimi ni mtu wa miaka sabini na tisa. Nimewazika wake wawili, bibi yako na yule aliyemfuatia. Nimeona mwisho wa jumba la sinema nililokuwa nalichorea mabango, mwisho wa ngazi sita za mbao na moja ya chuma, na madaktari wakuu watano wa hospitali ninayoiandikia vibao wamekuja wakaniacha hapa hapa. Hata yule kijana aliyefungua duka la vibao vya plastiki, akasema mkono wangu umepitwa na wakati, nimemzidi maisha ya kazi. Duka lake sasa linauza viatu vya mitumba. Kibao cha viatu nimeandika mimi.

Nakueleza haya usije ukadhani anayekuuliza swali ni mtu asiyejua kitu.

Daktari Mkuu, huyu mpya, mwembamba, anayetembea kama anafukuzwa, amenipa ukuta wa mbele wa jengo jipya la kliniki. Ukuta una nguzo tatu zilizochomoza, kwa hiyo umekatika vipande vinne, na chini ya kila kipande kuna mlango. Juu ya milango hiyo anataka neno moja la Kiingereza, moja tu, lienee ukuta mzima. Katibu wake ameniandikia kwenye karatasi. Nimehesabu herufi, zimefika kumi na tisa. Nikamwambia, "Daktari, hili si neno, hili ni treni ya mizigo." Nikamshauri tuandike Kiswahili. Akasema Kiswahili kitakaa kwenye milango yenyewe, kwa herufi ndogo, vyumba vikishagawanywa. Neno la juu ni heshima ya jengo.

Haya. Neno lenyewe hili, nimelinakili kama nilivyopewa: OTORHINOLARYNGOLOGY.

Mimi nimepanga kulikata kama fundi anavyokata ubao: tano, tano, tano, nne. OTORH, nguzo. INOLA, nguzo. RYNGO, nguzo. LOGY. Kwa rula limekaa sawa kabisa. Lakini jana nimechora kwa chaki, nikakaa kwenye benchi kulitazama, nikaona kama kuku aliyekatwa na mtu asiyejua viungo. Sijui kwa nini. Miaka hamsini na minne kazini, jicho langu likikataa kitu huwa kitu hicho kina kasoro. Wewe unafundisha Kiingereza. Niambie, neno hili lina viungo? Na kama linavyo, kisu kipite wapi?

Nijibu upesi. Kanuni yangu unaijua: sijawahi kuandika mlango nisiwe wa kwanza kuuingia. Nikimwandikia kinyozi, kichwa cha kwanza ni changu. Yule mtengeneza meno nilimpa jino zima ang'oe, kwa sababu bovu sikuwa nalo. Kwa fundi majeneza nililala ndani dakika kumi, watu wakakimbia. Hata saluni ya wanawake nimeoshwa nywele, hizi zilizobaki. Mji mzima unajua kwamba mlango wa Mzee Brashi haufunguliwi mpaka Mzee Brashi apite, na akishapita haukosi watu. Sasa nina milango minne kwa mpigo, na siwezi kuingia chini ya neno lililovunjwa miguu.

Nimekuandikia kwa sababu simu za siku hizi hazifai. Watu wanaongea kama wana pamba mdomoni, na mama yako ndiye kazidi. Redio nayo nimeiuza, ilianza kunong'ona. Hapa kwangu kisicho na kasoro ni mimi tu. Sikio la kushoto linatoa maji kidogo, nimeliziba na pamba, limetulia. La kulia nalo nimeliziba, lisije likaiga tabia ya mwenzake.

Barua nimempa dereva wa gari la magazeti. Mpe majibu yeye.

Babu yako,
Mzee Brashi


Tarehe 7 Februari

Shikamoo Babu,

Dereva wa magazeti alinipa barua yako dirishani, nikiwa katikati ya somo. Niliwaonyesha wanafunzi ile T yako. Mmoja akauliza, "Mwalimu, hiyo imepigwa chapa?" Nikamwambia hapana, hiyo imepigwa na babu yangu, na alitoka shule darasa la tatu.

Jicho lako liko sahihi. Umekata mfupa badala ya kiungo. Neno hili limeungwa kwa vipande vinne, na nilipoona ukuta wako nao una vipande vinne, nilicheka peke yangu kama mwehu. OTO ni sikio. RHINO ni pua. LARYNGO ni koo, pale sauti inapotokea. LOGY ni elimu yake. Yote pamoja ni elimu ya sikio, pua na koo. Waingereza wenyewe wameazima tu, vipande vyote ni vya Kigiriki cha zamani. Kifaru kwa Kiingereza naye amebeba RHINO hiyo hiyo, maana yake ni mwenye pembe puani. H iliyo ndani yake haitamkwi, imekaa tu kama mgeni asiyejua mtu. Na O unayoiona mwishoni mwa koo, kabla ya elimu, hiyo ni gundi. Imewekwa ili vipande vishikane, mdomo usikwaruze.

Ila kuna jambo nataka ulijue, kwa sababu najua utalipenda. Ukilitamka, mdomo haukati hapo. Wanafunzi nawapigisha makofi: o, to, rai, no, la, rin, gol, o, ji. Makofi tisa. Itazame hiyo gol. Mguu mmoja uko kooni, mwingine umeshakanyaga kwenye elimu. Mdomo unapita njia nyepesi, nayo maana inapita kwenye viungo, na wote wawili wana haki. Lakini wewe huandiki kwa mdomo, unaandika ukutani. Ukutani fuata maana: OTO, nguzo, RHINO, nguzo, LARYNGO, nguzo, LOGY.

Sasa na mimi nina swali. Mama anasema simu yako ni nzima. Anasema alikuja Jumapili akabisha hodi mpaka jirani akatoka, na wewe ulikuwa ndani, umeupa mlango mgongo, unaosha brashi. Sikio linalotoa maji likazibwa pamba halijatulia, Babu, limefungiwa. Na kulifungia lile lililobaki ndiyo nini? Kila siku unaingia hospitali na ngazi begani. Je, umewaonyesha?

Mjukuu wako,
Mwalimu


Tarehe 13 Februari

Marahaba mchumba wangu,

Nimelala na barua yako chini ya mto siku tatu. Aliyeliunga neno hili alikuwa fundi! Mimi nilidhani Kiingereza ni kelele ndefu, kumbe ni useremala. Kipande, gundi, kipande, gundi. Na kifaru ni pua! Nimemwambia muuza magazeti, nimemwambia mlinzi wa hospitali, nimemwambia mchungaji na hakuniuliza. Yale makofi tisa nimeyapiga mwenyewe uani mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Mdomo ni msumeno wa mvivu, unapita penye ulaini. Hilo nitalisema mpaka nife, na nitasema ni langu.

Nilimweleza Daktari Mkuu mbele ya watu wake wote. Sikutaja kuwa limetoka kwako, utanisamehe, palikuwa na wageni. Nikamwonyesha kwa fimbo: hapa sikio, hapa pua, hapa koo, hapa elimu. Alisimama akanitazama, halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Akasema, basi hata vyumba vitafuata maneno. Chini ya OTO atakaa daktari wa masikio, chini ya RHINO wa pua, chini ya LARYNGO wa koo, na chini ya LOGY kitakuwa chumba cha vitabu ambako wanafunzi watafundishwa. "Mzee," akasema, "umetupangia jengo." Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo.

Nimeanzia kulia, kwenye LOGY, kwa sababu fundi wa kweli huanzia mkiani, kichwa kinakuja chenyewe. Herufi nne kwenye kipande kimoja, zimekaa kama wazee kwenye viti. LARYNGO ndiyo imenitoa jasho. Herufi saba mahali pa watu wanne! Nimezilaza mzungu wa nne, kichwa kwa miguu, kama watoto kitanda kimoja, nikaipunguza N tumbo, na ukitazama kutoka barabarani hutajua kama zimebanana. Rangi ni buluu ya mafuta, pembeni nimepitisha uzi wa kijivu.

Na nimeingia, kwa kanuni. Kwenye LOGY wamenipa kitabu nikatazama picha za mapua yaliyopasuliwa, sikula mchana. Kwenye LARYNGO kuna binti mdogo wa kimo, anavaa taa kwenye paji la uso kama mchimba madini. Akaniambia sema aaa. Nikasema aaa mpaka mlinzi akaja mbio. Akaniambia koo langu ni la kijana wa miaka thelathini. Mwambie na mama yako.

Kuhusu mama yako kubisha hodi: anabisha kama paka. Mtu akitaka kufunguliwa apige mlango.

Zimebaki RHINO na OTO.

Babu yako,
Mzee Brashi, mpangaji wa majengo


Tarehe 17 Februari

Shikamoo Babu,

Wanafunzi wangu sasa wanataka kila neno refu walipasue watafute viungo. Umeniharibia ratiba ya muhula, na sijawahi kufundisha vizuri kama wiki hii. Ule msumeno wa mvivu nimeutumia darasani. Nimesema ni wa babu yangu, tofauti na wewe mimi nataja nilikotoa.

Barua yako ni kurasa tatu na hujanijibu swali langu moja.

Ila nimesoma mahali pamoja mara mbili. Umemwambia daktari mkuu chini ya OTO ni sikio. Daktari mkuu akamweka daktari wa masikio chini ya OTO. Wewe ndiye unayeandika OTO. Na kanuni ni kanuni. Babu, umejichimbia mtaro na kuutia mfuniko mwenyewe, na mimi huku nafurahi.

Niandikie ukishaingia.

Mjukuu wako,
Mwalimu


Tarehe 4 Machi

Mwalimu,

RHINO imekwisha. Ni kipande kizuri kuliko vyote, ile H isiyosema kitu nimeiandika kwa heshima kuliko wenzake, kwa sababu najua kukaa kwenye kikao bila kusema kitu. Nimeingia, wamenichungulia puani, wakaona nywele tu.

OTO itachelewa. Rangi ya buluu imekwisha, na buluu ile haipatikani kila duka. Mvua nazo zinanyemelea. Tena herufi tatu kuzitandaza kipande kizima si mchezo, lazima zinenepe bila kuonekana zimevimba, jambo hilo linataka kufikiriwa. Kazi ya kufikiri haina saa.

Wala usinifundishe kanuni yangu. Nilikuwa nayo kabla mama yako hajaota meno. Kanuni inasema niingie mlango nilioumaliza. Haikusema nimalize lini.

Mzee Brashi


Tarehe 15 Machi

Kwa Mwalimu,

Hunijui. Mimi ni muuguzi wa kliniki mpya ya hospitali, chumba cha masikio. Anwani yako nimeipata kwenye bahasha iliyokuwa mfukoni mwa koti la babu yako, koti ambalo jana tulilazimika kulifua. Nitakwambia kwa nini, ila kwanza utulie, hajavunjika popote.

Ukuta wetu una karibu mwezi bila sikio. Pua ipo, koo lipo, elimu ipo, kipande cha kwanza ni chokaa tupu. Mzee huja kila asubuhi, huegemeza ngazi, hupanda, hupima kwa uzi wake wa chaki, hupangusa, hushuka, huondoka. Daktari Mkuu alimwambia kwa upole kwamba kliniki imeshafunguliwa. Akaitikia, "Ndiyo, zinanyemelea." Nadhani alidhani anaulizwa habari ya mvua.

Na lingine hulijui. Watu wa hapa hawaingii chumba changu. Wanasema Mzee Brashi hajaufungua mlango. Vyumba vitatu vimejaa mpaka nje, mimi na daktari wangu tunatazamana. Kuna mama mmoja mshonaji, ana sikio linamuuma hadi taya, amekaa benchini asubuhi nne mfululizo. Nikamwambia, "Dada, ingia." Akasema, "Nina cherehani nyumbani, riziki yangu yote imo humo. Nikaanze mkosi kwa sababu ya sikio? Namngoja mzee." Juzi alimwambia mzee mwenyewe, "Baba, tunakungoja wewe." Mzee akamtazama mdomoni, akasema, "Na wewe pia, mwanangu," akapanda ngazi.

Jana alikuwa juu. Mfanyakazi wa kufulia alikuja na kitoroli cha mashuka, kimerundikwa hadi haoni mbele. Alipiga kelele "Njia! Njia!" mara tatu. Tulisikia tuliokuwa ndani, alisikia mlinzi getini. Mzee hakugeuka hata kichwa. Kitoroli kikagusa mguu wa ngazi, mzee akashuka na kopo lake, akaangukia mashuka. Nyonga imevilia damu tu, na majivuno nayo yamepata mchubuko.

Lakini alikuwa buluu kuanzia kofia hadi viatu. Ile rangi aliyotuambia imekwisha.

Sikumuuliza. Nilimpangusa uso, naye akatazama ukuta wakati wote. Nimeona nikwambie wewe, kwa sababu barua zako zote alikuwa nazo mfukoni, zimefungwa kwa uzi wa chaki.

Muuguzi wa chumba cha kwanza


Tarehe 18 Machi

Shikamoo Babu,

Muuguzi ameniandikia. Usimkasirikie, nikasirikie mimi. Najua kuhusu kitoroli. Najua kuhusu buluu.

Nilikuwa na miaka mitano ulipoanza kunichukua kazini. Ulikuwa ukipanda, na kule juu hukuweza kuliona neno zima, pua yako iko kwenye herufi moja. Ulikuwa unaniweka chini, upande wa pili wa barabara, nisome. Nilikuwa najua herufi tu, maneno sikuyajua. Nasoma moja moja kwa sauti, wewe huko juu umenipa mgongo, unasikiliza. Nikikwama unasema, "Tena." Magari yanapita, watu wanapiga soga, na wewe unanisikia mimi. Hukuwahi kugeuka kuniuliza nimesema nini. Watu wanadhani nilijifunza kusoma shuleni. Nilipofika shule nilikuwa nimeshasoma bucha mbili, duka la dawa na kinyozi.

Kila ninaposimama mbele ya darasa, mwanafunzi akakwama, nasema, "Tena." Sijawahi kumwambia mtu nimelitoa wapi.

Nimeomba ruhusa. Tarehe 30 nitakuja. Nitasimama upande wa pili wa barabara na nitalisoma neno lako, makofi tisa, kwa sauti ile ile. Sitapiga kelele. Nitasoma mara moja, halafu nitangoja kusikia unachosema.

Kama unaogopa kitu, niandikie ni nini. Usiniandikie habari za mvua.

Mjukuu wako,
Mwalimu


Tarehe 26 Machi

Mchumba wangu,

Marahaba. Nilikaa na barua yako siku mbili, na sikuipeleka chini ya mto, niliiweka mezani ikanitazama.

Umeniuliza naogopa nini. Nitakwambia, ukimwambia mama yako nitakana. Niliogopa ngazi. Si kuanguka, kuanguka nimeshaanguka sana. Niliogopa yule daktari wa masikio aandike kwenye karatasi yake kwamba huyu mzee hasikii, karatasi ifike kwa Daktari Mkuu, naye aseme mzee asipande tena. Mtu wa chini anaandika nini? Anaandika barua. Nikaona maadamu sijaingia, hakuna aliyeandika kitu, na kisichoandikwa hakipo. Mimi mtu wa vibao, nikafikiri hivyo.

Basi juzi Jumatatu nilikwenda alfajiri. Yule mshonaji alikuwa ameshafika, ameshika shavu. Safari hii nilimsogelea karibu, nikamwambia aseme tena alichosema siku ile. Akarudia. Nilijibu nini siku ile sijui, ila macho yake yalinieleza kuwa nilijibu upuuzi. Nikamwambia, "Nipe mpaka saa nne."

Nikaandika OTO. Herufi tatu, mara moja, bila kupangusa. Zile O mbili nimezizungusha kwa mkono mtupu bila kamba wala bakuli, na zinafanana kama pacha. T nimeisimamisha katikati imenyoosha mikono. Mlinzi alishika ngazi, na alisahau kufungua geti kwa kutazama. Uulize mji huu wote nani mwingine anaweza kuzungusha O ya mita nzima kwa mkono mtupu akiwa na nyonga iliyovimba. Hayupo. Wenye uwezo huo nimewazika.

Nikashuka, nikaosha brashi, nikaingia.

Daktari wa masikio ni msichana mdogo kuliko wewe. Nilitaka kuondoka. Lakini alivyoshika vyombo vyake, nikaona ni fundi. Mtu wa kazi unamjua vidoleni. Hakuharakisha, hakutetemeka, alichungulia kama mimi ninavyochungulia timazi. Kutoka sikio la kulia ametoa pamba mbili, mwanangu, sijui ya pili iliingia mwaka gani, na nta iliyokauka kama putti ya kushikia kioo dirishani. Akaweka matone, tukangoja, akasafisha na maji ya vuguvugu. Nikasikia mtu anagonga. Nikauliza, "Nani anabisha?" Muuguzi akacheka. Yalikuwa maji yanadondoka kwenye beseni.

Kicheko chake nilikisikia. Miezi yote nilimdhania mtu mpole, kumbe ana sauti ya kuita watu sokoni.

La kushoto ni habari nyingine. Ngoma yake imetoboka, imetoboka zamani. Amenipa dawa ya kulikausha, na nimekatazwa kuchokonoa. Likishakauka watatazama kama litafaa kifaa cha kusikilizia au la. Hakuniahidi. Nilimpenda kwa hilo, mimi pia siahidi rangi kabla sijaona ukuta. Ameandika yote kwenye karatasi, nami nikamwambia aandike kwa herufi nzuri maana itasomwa na wakubwa. Daktari Mkuu ameisoma. Amesema nitapanda, ila siku zote mtu ashike ngazi, na kitoroli kisipite. Nimenung'unika kidogo ili asidhani nimefurahi.

Nilipotoka nje nikafanya jambo la kipuuzi. Nikapanda tena, nikachovya brashi, nikaipitisha juu ya O ya kwanza ambayo ilikuwa imekamilika. Nywele za brashi kwenye ukuta zina sauti. Shwaa, zinasema, kisha zinatulia, kisha shwaa. Nilikuwa nimesahau. Sijui ni miaka mingapi nimekuwa nikifanya kazi hii kimya, na nikadhani ndivyo ilivyo. Nikapitisha mara nne. Ukija utaona O ya kwanza imekolea kuliko ya pili. Hiyo ndiyo kasoro pekee ukutani, na nimeiacha makusudi.

Nimelifikiria neno hili sana. Yule Mgiriki wa gundi angeweza kuanza na pua, pua ndiyo iko mbele. Angeweza kuanza na koo. Ameanza na sikio. Mimi nilianzia mkiani nikajisifu, yeye alijua zaidi. Mpe heshima yangu ukimsoma mahali.

Njoo tarehe 30. Nitakuwa juu ya ngazi, nimekupa mgongo. Simama upande wa pili, pale penye duka la viatu, usome bila kupaza sauti. Nimesikia kwamba unataka nikujibu. Nitajibu neno ninalojibu siku zote, na utasoma mpaka nichoke mimi, si wewe.

Na kwa kuwa najua familia yetu haiamini mtu mpaka alete mashahidi, ninao. Muuguzi wa chumba cha kwanza, aliyeshika beseni. Mlinzi, aliyeshika ngazi. Yule mama mshonaji, aliyeingia wa pili nikiwa bado natoka, na leo asubuhi ameniletea shati na kuniambia "Baba" kwa sauti ya kawaida, nikageuka. Na sikio langu la kulia, ambalo litakula kiapo popote utakapolipeleka. La kushoto usiliulize. Halikusikia kitu.

Babu yako,
Mzee Brashi